Hila Saba za Mwalimu Miller

Jumapili ya tarehe 16 Juni 1918, Eugene Debs alisimama katika bustani ya Nimisilla, mjini Canton, jimbo la Ohio, akahutubia kwa muda uliokaribia saa mbili. Alikuwa na umri wa miaka 62. Alikuwa amegombea urais wa Marekani mara nne kwa tiketi ya chama cha Kisoshalisti na kushindwa mara zote nne, na siku hiyo hakuja kuomba kura. Alikuja kusema kwamba tangu zamani vita hutangazwa na wenye nacho, kisha wakaenda kufa wasio nacho. Marekani ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi Aprili wa mwaka uliotangulia, na sheria mpya ilikuwa imeyafanya maneno ya namna hiyo kuwa jinai.

Kati ya waliokuwa wakinukuu hotuba hiyo alikuwamo ripota kijana wa gazeti la Cleveland Plain Dealer, jina lake Clyde Miller. Miller aliiamini vita ile. Kesi iliposikilizwa Cleveland mwezi Septemba, alipanda kizimba cha mashahidi upande wa mashtaka. Debs hakukana hata neno moja alilolisema, akahukumiwa miaka kumi jela. Akiwa mfungwa katika gereza la Atlanta aligombea tena urais mwaka 1920 na kupata zaidi ya kura 900,000. Rais Warren Harding alimwachia huru siku ya Krismasi ya mwaka 1921.

Miller aliujutia ushahidi wake. Naanza naye kwa sababu huyu ndiye mtu ambaye, miaka 19 baada ya Canton, alianzisha taasisi ya kitaifa nchini Marekani ya kuwafundisha watoto wa shule na watu wazima namna ya kusoma gazeti na kusikiliza redio bila kuchezewa akili. Wengi wanaosimulia habari za taasisi hiyo huanzia kwenye ofisi zake za New York mwaka 1937. Mimi naona chimbuko lake liko pale kizimbani. Aliyeibuni alikuwa ameshachezewa yeye mwenyewe, tena akiwa mwandishi wa habari, mtu wa kazi hiyohiyo.

Na hakuchezewa peke yake. Siku chache tu baada ya kuingia vitani, serikali ya Marekani iliunda Kamati ya Habari kwa Umma, ikamweka juu yake mwanahabari George Creel. Kamati hiyo ilichapisha mabango, vijitabu na filamu. Ilikuwa pia na wasemaji wa kujitolea wapatao 75,000. Hao walisimama katika majumba ya sinema nchi nzima na kuhutubia kwa dakika nne, muda wa kutosha kwa fundi wa mitambo kubadilisha mkanda. Walihimiza watu wanunue hati za mkopo wa vita, wabane matumizi ya chakula, wafichue majasusi. Shule nyingi ziliacha kufundisha Kijerumani. Kabichi ya kuchachua ya Kijerumani ikabatizwa kabichi ya uhuru. Hayo mtu anaweza kuyacheka, lakini mwezi Aprili 1918, huko Collinsville, Illinois, umati ulimnyonga mhamiaji wa Kijerumani kwa kumshuku tu, na waliofikishwa mahakamani wakaachiwa.

Waingereza nao walikuwa na yao. Mwezi Aprili 1917 magazeti makubwa ya London yalichapisha habari kwamba Wajerumani wana kiwanda cha kuchemsha maiti za askari wao ili wapate mafuta. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 1925 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Austen Chamberlain, alisimama bungeni akakubali kwamba haikuwa na msingi. Miaka mitatu baadaye Arthur Ponsonby, aliyekuwa mbunge, alichapisha kitabu kizima cha uongo wa wakati wa vita, na hadithi ya kiwanda cha maiti imo. Msomaji aikumbuke hadithi hiyo, maana tutakutana na kivuli chake mwaka 1942.

Basi kizazi kilichotoka vitani kilijiona kimedanganywa. Mwaka 1927 msomi Harold Lasswell alichapisha uchunguzi wa mbinu za propaganda za vita ile, na neno propaganda, ambalo zamani lilikuwa la kanisani na halikumtisha mtu, likawa la kutisha. Halafu ikaja redio. Gazeti hulazimika kununuliwa na kusomwa, lakini redio iliingia sebuleni na kuzungumza na baba, mama na watoto kwa wakati mmoja. Nchini Ujerumani, Joseph Goebbels alihakikisha redio za bei nafuu zinamfikia kila mtu.

Miller wakati huo alikuwa ameacha uandishi na kuhamia Teachers College, chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Fedha zilitoka Boston, kwa Edward Filene, mwenye duka kubwa la nguo na bidhaa za nyumbani. Wanachama wa SACCOS wa Afrika Mashariki wana haki ya kumjua huyu mzee: alikuwa mmoja wa waliovisimamisha vyama vya kuweka na kukopa nchini Marekani. Aliamini kwamba mnunuzi anayejua anachonunua ni mteja mzuri kuliko anayedanganywa, na alitaka imani hiyo ifike kwenye siasa. Aliwaita Miller na Kirtley Mather, mtaalamu wa miamba wa Harvard. Mather alikuwa ameshaonja vita vya maneno: mwaka 1925 alikwenda Dayton, Tennessee, kumtetea mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya Darwin. Filene alitoa dola 10,000 kupitia mfuko wake wa hisani. Mwezi Septemba 1937 Taasisi ya Uchambuzi wa Propaganda ikasajiliwa, na mwezi huohuo Filene akafariki mjini Paris.

Katika bodi na kamati ya washauri kulikuwa na majina makubwa. Mwanasaikolojia Hadley Cantril wa Princeton ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Walikuwamo mwanahistoria Charles Beard, mchumi Paul Douglas wa Chicago na mwanasosholojia Robert Lynd. Jarida lao lilitoka mara moja kwa mwezi, toleo la kwanza Oktoba 1937. La pili, la Novemba, ndilo lililowajengea jina. Lilieleza hila saba.

Ya kwanza ni kubandika majina: mpe mpinzani jina baya, watu wamkatae bila kutazama hoja yake. Ya pili ni maneno yanayong'aa, kama uhuru, heshima na maendeleo, ambayo kila mtu huyapenda na hakuna anayeulizwa maana yake. Ya tatu ni kuazima utukufu wa kitu kinachoheshimiwa, kama bendera au msalaba, na kuuhamishia kwenye jambo lako. Ya nne ni ushuhuda wa mtu maarufu. Ya tano ni kujifanya mtu wa kawaida. Msomaji wa Nakuru au Mwanza aliyewahi kumwona mgombea akishuka garini kutafuna mahindi ya kuchoma na wananchi hahitaji maelezo zaidi. Ya sita ni kupanga karata, yaani kuchagua ukweli unaokufaa na kuuficha usiokufaa. Ya saba ni mkumbo: wote wanakwenda huku, wewe umebaki kwa nani?

Orodha hiyo ilikuwa fupi, ilikaririka, na mwalimu aliweza kuiandika ubaoni ndani ya kipindi kimoja. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake, na baadaye watu walisema hapohapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Shule za sekondari, vyuo, makundi ya kanisani na vikundi vya watu wazima viliagiza vitini. Violet Edwards, aliyeshika idara ya elimu ya Taasisi, aliandika mwongozo kwa viongozi wa vikundi. Wanafunzi walileta darasani vipande vya magazeti, matangazo ya sabuni na hotuba za redio, wakazichambua.

Jambo moja katika mafunzo hayo husahaulika, na mimi nalihesabu kuwa bora kuliko hila zote saba. Mwanafunzi aliambiwa aanze na nafsi yake. Maoni haya niliyonayo nimeyatoa wapi? Nani aliyanipa, nikiwa na umri gani, na kwa nini neno fulani linanipandisha hasira kabla sijafikiri? Mwenye kujiuliza hivyo hawezi kuligeuza somo kuwa rungu la kuwapiga wengine, au walau itambidi ajipige kwanza.

Jarida halikuogopa wakubwa. Mwezi Julai 1938 liliichambua Saa ya Jioni ya Jumapili ya kampuni ya Ford, kipindi cha redio cha muziki wa okestra. Katikati ya muziki, wasikilizaji wakiwa wametulia, alikuja William Cameron, msemaji wa kampuni, na hotuba fupi kuhusu mambo kama ubaya wa serikali kuingilia biashara. Kwa jarida, huo ulikuwa utukufu wa kuazima: muziki mtakatifu mbele, muziki mtakatifu nyuma, na siasa za mwenye kiwanda katikati. Cameron huyohuyo, miaka ya 1920, alikuwa mhariri wa gazeti la Henry Ford, Dearborn Independent, lililoeneza uzushi wa kwamba Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia.

Uzushi huo una historia yake, nayo inaeleza kwa nini Miller na wenzake waliona kukanusha peke yake hakutoshi. Hati iitwayo Itifaki za Wazee wa Sayuni ilitoka Urusi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwezi Agosti 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, aya kwa aya, kwamba hati ile imenakiliwa kutoka kitabu cha kejeli cha Kifaransa kilichomhusu Napoleon wa Tatu na hakikuwa na habari yoyote ya Wayahudi. Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Ford aliendelea kuisambaza, akaomba radhi mwaka 1927. Na mwaka 1938 ikachapishwa upya nchini Marekani, safari hii na padri.

Kabla ya padri, tupite kwanza New Jersey. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles, kijana wa miaka 23, alirusha kupitia CBS mchezo wa redio kuhusu viumbe kutoka sayari ya Mirihi waliotua duniani. Mchezo ulitengenezwa kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. Wasikilizaji waliochelewa kuwasha redio, au waliohama kutoka stesheni nyingine, walikosa utangulizi. Kesho yake magazeti yalijaa habari za nchi nzima kukumbwa na kiwewe. Siku hizi wanahistoria wanakubaliana kwamba magazeti yalitia chumvi, kwani redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara. Habari ya watu waliodanganywa na redio nayo ilikuwa imepikwa kidogo.

Lakini waliotishika walikuwapo, na Cantril alikuwa pale pale Princeton, kilomita chache kutoka kijiji ambacho mchezo ulidai viumbe wametua. Aliongoza mahojiano na watu 135, akachapisha kitabu mwaka 1940. Matokeo yake bado yana ladha. Wapo waliotulia baada ya kutazama ratiba ya vipindi gazetini au kugeuza stesheni. Wengine waligundua kwamba majeshi yalikuwa yakisafiri kwa kasi isiyowezekana. Hao Cantril aliwaita wenye uwezo wa kuhakiki, na waliosoma zaidi walikuwa wengi kati yao.

Kulikuwa na kundi jingine, na hili ndilo la kutafakari. Hawa nao walihakiki. Walikwenda dirishani. Mmoja aliona barabara imejaa magari, akajua watu wanakimbia. Mwingine aliona barabara tupu, akajua njia zimeharibiwa na magari yamekwama huko mbele. Wa tatu aliona kila kitu ni shwari, akasema bado hawajafika mtaani kwetu. Ushahidi wa namna tatu tofauti uliwathibitishia jambo lilelile moja. Kumwambia mtu achunguze kabla ya kuamini ni ushauri mwema, lakini kumbe anaweza kuufuata na bado akapotea, kama hajui ni jibu gani lingemfanya abadili mawazo.

Padri tuliyemwahidi ni Charles Coughlin, wa parokia ya Royal Oak, Michigan. Alianza kuhubiri redioni mwaka 1926, na katikati ya miaka ya 1930 wasikilizaji wake walikadiriwa kufikia milioni 30. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu. Mwanzoni aliwatetea maskini na kumuunga mkono Rais Franklin Roosevelt, baadaye aligeuka. Mwaka 1938 jarida lake la Social Justice lilichapisha zile Itifaki. Tarehe 20 Novemba, siku kumi na moja tu baada ya usiku ambao masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto na maduka ya Wayahudi kuvunjwa, Coughlin aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Unazi ni ngao dhidi ya ukomunisti, na kwamba mapinduzi ya Urusi yaligharimiwa na mabenki ya Wayahudi. Stesheni ya WMCA ya New York ilimfuatishia mtangazaji aliyesema padri amekosea mambo ya hakika, kisha ikakataa kuendelea naye.

Taasisi ilijibu kwa kitabu. Alfred McClung Lee na mkewe, Elizabeth Briant Lee, wote wanasosholojia, walizichukua hotuba za Coughlin na mwaka 1939 wakazichapisha zikiwa zimepachikwa alama ndogo katikati ya sentensi. Kila hila ilikuwa na alama yake. Kubandika majina kulipewa kidole gumba kilichoelekezwa chini, maneno ya kung'aa yakapata kito, utukufu wa kuazima ukapata barakoa, na mtu wa kawaida akapata kiatu kikuukuu. Kupanga karata kulipewa ree ya shupaza. Ukifungua kurasa zile unaona hotuba imeota vipele. Mwanafunzi aliyesoma sentensi tatu zenye alama nane hakuhitaji kuelezwa mengi.

Wakati uleule jumuiya za Kiyahudi zilichapisha kijitabu kilichofuata njia nyingine: kilichukua madai ya Coughlin moja moja na kuyaweka kando ya nyaraka, kuonyesha lipi ni uongo. Ukiniuliza kipi kilimfaa zaidi kijana wa Detroit aliyekuwa akimsikiliza padri na baba yake kila Jumapili, sitaona haya kusema alihitaji vyote viwili, na kama angepewa kimoja tu ningempa kile cha nyaraka. Hila saba zinakwambia namna mtu anavyosema. Hazikwambii kama anachosema ni kweli. Roosevelt naye alitumia maneno ya kung'aa. Daktari anayehimiza chanjo akiwa na ushuhuda wa mama aliyepona anatumia hila ya nne. Mbiu ya mgambo inayosema nyumba inaungua, majirani wote wametoka, toka na wewe, ni mkumbo mtupu, na nyumba inaungua kwelikweli.

Wakosoaji waliliona hilo mapema. Walimu waliripoti wanafunzi wanaocheka kila hotuba na kutangaza kwamba wanasiasa wote ni wamoja. Mwandishi Lewis Mumford alilalamika kwamba mafunzo haya yanaondoa imani hata pale inapostahili, wakati ambapo Hitler anakula nchi moja baada ya nyingine. Miller na wenzake walijibu kwamba hawafundishi kupinga kila kitu, na kwa haki yao, vitini vyao vilisema hivyo. Lakini kitini ni kimoja, na kinachobaki kichwani mwa kijana wa miaka 16 baada ya kipindi ni kingine.

Kisha vita vikakaribia, na swali likageuka. Ilikuwa rahisi kuichambua propaganda ya Berlin. Mwaka 1940 jarida lilichambua namna Uingereza ilivyokuwa ikiibembeleza Marekani iingie vitani, na wengi hawakupenda. Mwaka huohuo lilimchambua Martin Dies, mbunge wa Texas aliyeongoza kamati ya kuwasaka wanaodaiwa kuihujumu nchi. Mwaka uliofuata magazeti yaliandika kwamba kamati ya Dies inaichunguza Taasisi. Ndani ya bodi yenyewe hapakuwa na umoja: Beard alipinga kuingia vitani, Douglas aliona kutoingia ni kosa. Douglas akajiuzulu, na mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 50, akajiandikisha katika kikosi cha Marines kama kuruta wa kawaida. Mfuko wa Filene nao ulikata fedha mwaka 1941.

Desemba 7 ya mwaka huo Japani iliishambulia Pearl Harbor. Mwezi Januari 1942 jarida lilitoa toleo la kuaga. Taasisi ilieleza kwamba uchambuzi usiopendelea upande hauwezekani nchi ikiwa vitani, na kwamba kuendelea kuchambua kauli za serikali kungeweza kuidhuru juhudi ya vita, huku kuichambua propaganda ya adui peke yake kukiwa si uchambuzi tena. Alfred Lee ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wakati huo.

Nimeusoma uamuzi huo kwa macho mawili. Lipo jicho linaloona woga: wakati hasa ambapo raia anahitaji kuuliza, mwalimu anafunga kitabu, na Miller, shahidi wa kesi ya Debs, alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Lipo jicho jingine linaloona uaminifu. Hawakukubali kugeuzwa kuwa kipaza sauti cha serikali huku wakijiita wachambuzi, kazi ambayo wengine waliifanya kwa furaha. Kwa kweli nalielemea zaidi jicho la pili, ingawa la kwanza halifumbi.

Sasa kile kivuli. Mwezi Agosti 1942, miezi saba baada ya Taasisi kufungwa, Gerhart Riegner wa Baraza la Wayahudi Duniani alipeleka kutoka Geneva taarifa kwamba Hitler amepanga kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya waliomo mikononi mwake. Katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani maofisa waliiona kama uvumi wa watu wenye hofu. Ilithibitishwa hadharani mwishoni mwa Novemba tu, na hata hapo wengi waliisoma kwa nusu ya imani. Mwaka 1944, majeshi ya Urusi yalipoifikia kambi ya Majdanek nchini Poland, mwandishi Alexander Werth alipeleka maelezo yake BBC, na BBC haikuyatumia kwa kudhani ni propaganda ya Warusi. Watu walikuwa wameshasikia habari za viwanda vya maiti. Walikuwa wamekoma.

Sidai kwamba vitini vya Miller ndivyo vilivyosababisha hayo. Sababu zilikuwa nyingi, na chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa mojawapo. Ila uongo wa mwaka 1917 ulitoza riba mwaka 1942, na waliolipa si waliokopa. Somo lililowaonyesha watu namna ya kukataa lilikuwa bado halijawaonyesha namna ya kukubali jambo zito linapoletwa na ushahidi mzito.

Hila saba zenyewe hazikufa. Zilihamia vitabu vya kiada vya lugha na uraia, na hadi leo kuna shule zinazozifundisha, mara nyingi bila jina la Miller na bila lile swali la kuanza na nafsi. Douglas alirudi na majeraha ya Okinawa, akawa seneta. Alfred na Elizabeth Lee walikuwa miongoni mwa waanzilishi, mwaka 1951, wa chama cha wanasosholojia wanaochunguza matatizo ya jamii.

Swali la namna ya kumfundisha mtoto kukubali lilipata jaribio kubwa mahali ambapo Filene asingepafikiria. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwamo Allen Nsangi na Daniel Semakula, pamoja na wenzao wa Norway wakiongozwa na Andrew Oxman, walipeleka kitabu cha katuni katika shule za msingi za Uganda ya kati. Hakikuwa na hila za wasemaji. Kilihusu madai ya tiba, ya aina ambayo mtoto huyasikia nyumbani na redioni, kama vile kwamba mavi ya ng'ombe huponya jeraha la moto. Kitabu kilimfundisha mtoto kuuliza: dai hili limesimama juu ya nini? Ni kwa sababu mtu mmoja alipona, au kwa sababu ni dawa ya wazee, au anayelisema anaiuza? Na kuna waliolinganisha kwa haki watu wengi waliotumia na wengi wasiotumia? Mtoto hakuachwa na wasiwasi tu. Alionyeshwa ushahidi wa kuaminika unafananaje.

Shule 120 zilipangwa kwa bahati nasibu, nusu zikapewa masomo tisa, nusu zikaendelea na ratiba zao. Zaidi ya watoto 10,000 wa darasa la tano walishiriki. Katika shule zilizofundishwa, asilimia 69 ya watoto walifaulu mtihani wa mwisho wa muhula. Katika zile nyingine asilimia 27. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet, na miaka michache baadaye mafunzo ya aina hiyo kwa wanafunzi wa sekondari yalijaribiwa Uganda, Rwanda na Kenya, katika kaunti ya Kisumu.

Wazazi nao walikuwa na jaribio lao. Walisikilizishwa vipindi vilivyorekodiwa, vyenye masimulizi na wimbo, na mwanzoni walifaulu vizuri tu: asilimia 71 dhidi ya 38 ya wasiosikiliza. Mwaka mmoja baadaye watafiti waliwarudia wote. Watoto waliofundishwa walikuwa bado mbele, asilimia 80 dhidi ya 52. Kwa wazazi tofauti ilikuwa imeyeyuka karibu yote, 47 dhidi ya 40. Watoto walikuwa wamekaa na mwalimu, kitabu na mazoezi kwa muhula mzima. Wazazi walikuwa wamesikiliza.